Majumba ya Akina Sheremetev

Upande wa mashariki wa mji wa Moscow, mahali paitwapo Kuskovo, lipo jumba refu la rangi ya waridi lililoelekea bwawa kubwa. Mgeni akilitazama kwa mbali hudhani kuwa limejengwa kwa mawe. Lina nguzo nyeupe mlangoni, na njia mbili za mteremko ambazo zamani magari ya farasi yalipanda hata barazani. Na juu ya mlango zimechorwa herufi za kwanza za jina la mwenyewe, chini ya taji. Walakini jumba hili si la mawe. Ni magogo yaliyofunikwa kwa mbao, kisha yakapigwa lipu na rangi hata yakafanana na mawe. Upande wa kaskazini wa mji huo huo, mahali paitwapo Ostankino, lipo jumba la pili la ukoo ule ule, lenye fahari kupita la kwanza, nalo pia ni la mbao. Warusi wa zamani waliamini kuwa nyumba ya mbao ina afya zaidi kwa kulala na kukaa, na hapana shaka walikuwa na haki, maana baridi ya nchi yao ni kali na mawe huihifadhi. Lakini bwana mkubwa hakutaka aonekane anakaa katika nyumba ya magogo kama mkulima wake. Basi mti ukavishwa sura ya jiwe.

Habari za majumba ya akina Sheremetev husimuliwa aghalabu kama habari za wenyewe: nani alijenga, nani alirithi, mfalme gani alikuja kula karamu. Neno "alijenga" katika masimulizi ya namna hiyo ni neno la kutazamwa kwa makini. Bwana aliamuru na kulipa; waliochora ramani, waliopima misingi, waliochonga nakshi, waliopaka dhahabu, waliochora picha za ukutani, na waliocheza na kuimba ndani ya kumbi hizo, wengi wao walikuwa ni mali ya bwana huyo huyo. Waliandikwa katika daftari zake pamoja na mashamba. Hili ndilo jambo linaloyatenga majumba haya na majumba mengi ya fahari ya Ulaya ya wakati ule, na bila kulijua mtu huona dhahabu tu.

Utajiri wa ukoo huu ulianza kwa upanga. Boris Sheremetev, aliyezaliwa mwaka 1652 na kufariki mwaka 1719, alikuwa jemadari mkuu wa Mfalme Peter Mkuu. Aliyazima maasi ya Astrakhan, na mwaka 1706 akapewa cheo cha Graf, cheo kipya kilichoigwa kutoka Ulaya ya magharibi, naye akawa miongoni mwa Warusi wa kwanza kukichukua. Miaka mitatu baadaye alikuwa mkuu wa majeshi katika vita vya Poltava, ambako Waswidi walishindwa. Mfalme alikuwa akiujenga mji wake mpya wa St Petersburg juu ya matope na maji, akawalazimisha makabaila wake wajenge humo wapende wasipende. Boris akapata kiwanja kando ya mto Fontanka mwaka 1712. Kuskovo aliinunua kwa nduguye mwaka 1715. Wakati huo palikuwa shamba tu.

Mwanawe, Pyotr Borisovich, aliongeza utajiri huo kwa ndoa. Mwaka 1743 alimwoa Varvara Cherkasskaya, binti wa pekee wa waziri mkuu wa dola, Alexei Cherkassky. Bibi arusi alileta mashamba katika wilaya nyingi, na Ostankino ilikuwa mojawapo; alileta pia kijiji cha Ivanovo na wafumaji wake. Pamoja na mashamba alileta watu. Urusi ya siku zile haikupima utajiri wa kabaila kwa eneo la ardhi wala kwa fedha iliyo sandukuni, bali kwa idadi ya "roho", nayo hesabu hiyo ilihesabu wanaume peke yao. Wanawake na watoto wao wa kike hawakuhesabiwa. Kwa hesabu hiyo iliyowaacha nusu ya watu, akina Sheremetev walimiliki roho zaidi ya laki moja. Baada ya mfalme mwenyewe ni watu wachache mno katika Urusi nzima walioweza kulinganishwa nao.

Yafaa hapa kueleza hali ya watu hao, kwa sababu Kiswahili hakina neno moja linalolingana nayo. Neno "mtumwa" huleta akilini jahazi, soko, na mtu aliyetolewa kwao akapelekwa mbali. Mrusi huyu hakutolewa kwao. Alizaliwa katika kijiji cha babu zake, alisali katika kanisa lile lile la bwana wake, na alisema lugha ile ile. Pengine aliisema vizuri kupita bwana, ambaye alipendelea Kifaransa. Sheria ya mwaka 1649 ilimfunga katika ardhi, asiweze kuondoka bila ruhusa. Na kadiri miaka ilivyopita kufungwa kwa ardhi kukageuka kuwa kumilikiwa na mtu. Katika karne ya 18 bwana aliweza kumwuza pamoja na ardhi au bila ardhi, kumwoza amtakaye, kumpeleka jeshini au Siberia. Hapa ataitwa mtwana, kwa kukosa neno lililo bora.

Si watwana wote waliolima. Wengi wa watu wa Sheremetev walilipa kodi ya fedha kila mwaka, na wakaachwa wafanye biashara watakayo. Katika kijiji cha Ivanovo walitokea watwana waliokuwa na viwanda vya vitambaa, na jambo la ajabu zaidi, walikuwa na watwana wao wenyewe walionunuliwa kwa jina la bwana. Mmoja wao, Efim Grachev, mwaka 1795 alijikomboa kwa rubles 135,000. Fedha hizo zilikuwa kubwa hata kwa kabaila, sembuse kwa mtu ambaye siku moja kabla hakuwa na haki hata ya kumiliki nafsi yake. Msomaji azikumbuke fedha hizo atakapofika Ostankino, maana Ostankino ilikuwa ikijengwa mwaka ule ule.

Kuskovo ndiyo iliyotangulia. Pyotr Borisovich aliifanya kuwa makazi ya kiangazi, akaipamba kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini. Alichimbisha bwawa na mifereji. Akajenga nyumba ndogo ya Kiholanzi mwaka 1749, yenye vigae vya rangi ya buluu na nyeupe, kisha nyumba ya Kiitalia, na nyumba kubwa ya vioo ya kuoteshea michungwa na miti mingine isiyostahimili theluji. Jumba lenyewe lilijengwa baina ya 1769 na 1775 chini ya usimamizi wa fundi Karl Blank. Katika bustani lipo banda la faragha ambalo meza yake ilipandishwa kutoka ghorofa ya chini ikiwa imekwisha andaliwa, ili wageni wale na kuzungumza bila kuonwa na watumishi. Banda hili ni dogo, lakini linasema mengi. Bwana aliyezungukwa na watu aliowamiliki, asiyeweza kuvaa viatu bila mkono wa mtu mwingine, alitumia akili na gharama nyingi kupata saa chache za kutowaona.

Pembeni mwa bustani lipo pango. Si pango la asili, bali chumba kilichojengwa kwa mawe kwa mfano wa pango la bahari, na kuta zake za ndani zimefunikwa kwa makombe na simbi zilizopangwa kwa mapambo ya ndege, samaki na majani. Mtu wa pwani atashangaa kuona mali ya ufukweni imefikishwa hata katikati ya bara la Urusi, mamia ya maili kutoka bahari yoyote. Pango hili lilijengwa baina ya 1755 na 1761, nalo pengine ndilo jengo zuri kuliko yote ya Kuskovo. Aliyelichora ni Fyodor Argunov. Ndiye aliyechora pia nyumba ya vioo, na ndiye aliyefanya kazi pamoja na fundi Savva Chevakinsky katika jumba la St Petersburg kando ya Fontanka. Fyodor Argunov alikuwa mtwana.

Ukoo wa Argunov ni wa kustaajabisha katika historia ya sanaa ya Urusi, na kama watu hawa wangalizaliwa huru jina lao lingalitajwa kwanza, na la Sheremetev baadaye. Binamu yake Fyodor, Ivan Argunov, aliyezaliwa mwaka 1729, alifundishwa kuchora na Mjerumani Georg Grooth, mchoraji wa baraza ya malkia, akawa miongoni mwa wachoraji bora wa sura za watu katika nchi. Alichora makabaila, akamchora Malkia Catherine wa Pili. Mwaka 1784 alichora picha ya mwanamke wa kijijini aliyevaa mavazi ya Kirusi. Jina la mwanamke huyo halikuandikwa, lakini uso wake umechorwa kwa heshima na utulivu ambao mchoraji huyo hakuwapa wengi wa mabwana. Picha hiyo sasa imo katika jumba la sanaa la Tretyakov. Kipawa hicho hakikumpa uhuru. Katika uzee wake alitumiwa zaidi kusimamia nyumba za bwana kuliko kushika brashi, na alipofariki mwaka 1802 alikuwa mtwana bado. Mwanawe Pavel alikuwa fundi wa majengo. Mwanawe wa pili, Nikolai, alikuwa mchoraji kama baba. Huyu Nikolai aliachwa huru mwaka 1816, na haikupita miaka mingi Chuo cha Sanaa cha St Petersburg kikampa cheo cha mwanachuo.

Siku za Alhamisi na Jumapili, wakati wa kiangazi, bustani ya Kuskovo ilifunguliwa kwa watu wa Moscow waliovaa kwa adabu. Walipanda mashua katika bwawa, wakasikiliza muziki na kutazama michezo bila malipo. Mwingereza mmoja, Michael Maddox, aliyekuwa na nyumba ya michezo mjini na kuishi kwa kuuza tiketi, alinung'unika kuwa Sheremetev anamnyang'anya watazamaji. Malalamiko yake yalikuwa ya haki kabisa. Maddox alilazimika kulipa waimbaji wake mishahara, na mshindani wake hakushurutishwa na mtu kumlipa hata mmoja.

Waimbaji hao walichaguliwa wakiwa watoto. Mtoto wa mtwana aliyeonekana kuwa na sauti, au sura, au viungo vyepesi, aliondolewa kwa wazazi wake akaletwa katika nyumba ya bwana, akafundishwa muziki, kucheza, Kifaransa na Kiitalia. Majina yao ya ukoo yaliondolewa pia, wakapewa majina ya vito: mmoja akaitwa Granatova kwa jiwe jekundu la akiki, mwingine Biryuzova kwa feruzi, mwingine Almazova kwa almasi. Desturi ya kuwapa watu wa nyumbani majina mazuri ya anasa haikuwa ya Warusi peke yao, na wasomaji wa pwani hawahitaji kuelezwa zaidi. Miongoni mwa watoto hao alikuwamo binti wa mhunzi, Praskovia Kovalyova, aliyezaliwa mwaka 1768. Huyu alipewa jina la Zhemchugova, kwa lulu. Alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1779, akiwa na miaka 11.

Mwaka 1787 Malkia Catherine wa Pili, akirudi kutoka safari yake ya Crimea, alikuja Kuskovo. Katika karamu hiyo palichezwa mchezo wa kuimba wa Mfaransa Grétry uitwao "Ndoa za Wasamni", na Praskovia aliimba sehemu ya Eliane, msichana anayeasi desturi ya nchi yake katika mambo ya ndoa, akavaa mavazi ya vita na kwenda kupigana. Malkia alipendezwa, na inasimuliwa kuwa alimtunza mwimbaji huyo pete. Yafaa kuitazama picha hiyo. Mwanamke aliyemilikiwa, asiyeweza kuolewa ila kwa amri, anasimama mbele ya mtawala wa dola akiimba juu ya haki ya kuchagua mume. Watazamaji wanapiga makofi. Hapana dalili kuwa mmoja wao aliona jambo lolote la ajabu.

Mwenye kumpenda mwimbaji huyo alikuwa Nikolai Petrovich, mwana wa Pyotr, aliyezaliwa mwaka 1751. Alikuwa amesafiri Ulaya, akasoma katika chuo kikuu cha Leiden, akarudi na mapenzi makubwa ya muziki na michezo. Hata baadaye aliendelea kuagiza kutoka Paris vitabu vya muziki na michoro ya mapambo ya jukwaa. Baba yake alipofariki mwaka 1788, mali yote ikawa yake, naye akaamua kujenga jumba lisilokuwa na mfano, jumba ambalo moyo wake ni jukwaa.

Hilo ndilo Ostankino. Lilijengwa baina ya 1792 na 1798. Ramani zilipitia mikononi mwa mafundi mashuhuri wa Kiitalia, Camporesi, Brenna na Quarenghi, lakini kazi ya kila siku, ya kugeuza ramani kuwa kuta, ilifanywa na watwana watatu: Pavel Argunov, Alexei Mironov na Grigory Dikushin. Ndani yake udanganyifu wa mti na jiwe ulioanzia Kuskovo umefikishwa upeo. Kitu kinachoonekana kuwa ni shaba ni mti uliopakwa dhahabu. Kinachoonekana kuwa ni marimari ni lipu iliyotiwa rangi. Mapambo mengine ni karatasi iliyosagwa, ikakandwa na kukaushwa. Sakafu ni za vipande vya miti ya rangi mbalimbali vilivyopangwa kwa nakshi, na kila ukumbi una nakshi yake. Mafundi wa Italia wangalitumia marimari ya kweli kama wangaliipata. Kazi ya watwana hawa ni ngumu zaidi, maana waliufanya msonobari useme lugha ya marimari, na baada ya miaka zaidi ya mia mbili bado unaisema.

Ukumbi wa michezo ndio uliokuwa ajabu yenyewe. Mtwana mmoja hodari wa mitambo, Fyodor Pryakhin, alibuni mashine za kubadilisha mandhari upesi, na za kutoa ngurumo ya radi, mvumo wa upepo na sauti ya mvua. Mchezo ulipokwisha, sakafu ya watazamaji iliinuliwa ikawa sawa na jukwaa, nguzo nyingine zikaondolewa mahali pake, na kwa muda mfupi nyumba ya michezo ikageuka kuwa ukumbi wa kuchezea dansi. Sehemu ya mitambo hiyo ya miti bado ipo darini na chini ya sakafu. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1795 kwa mchezo juu ya kutekwa kwa ngome ya Izmail, ambayo Warusi walikuwa wameitwaa kwa Waturuki miaka mitano kabla yake. Na Praskovia aliimba sehemu ya mateka wa Kituruki. Mwaka 1797 Mfalme Paul alikuja kulitazama jumba, na katika mwaka huo huo alikaribishwa Stanisław August Poniatowski, mfalme wa mwisho wa Poland, ambaye nchi yake ilikuwa imekwisha gawanywa na jirani zake.

Kisha kukawa kimya. Praskovia alikuwa na ugonjwa wa kifua na sauti yake ilikuwa ikimwacha. Nikolai alihamia St Petersburg kwa amri ya Mfalme Paul, aliyempa kazi katika baraza yake, na waimbaji wakatawanywa. Jumba lililogharimu mapato ya vijiji vingi vya watu lilitumika kwa kusudi lake kwa miaka isiyozidi michache. Hakuna kipimo kizuri zaidi cha uwezo wa fedha za akina Sheremetev kuliko hiki, kwamba waliweza kujenga Ostankino na kuiacha.

Mwaka 1798 Nikolai alimwandikia Praskovia hati ya uhuru. Kumwoa lilikuwa jambo jingine. Katika Urusi ya wakati ule kabaila aliweza kuishi na mjakazi wake mchana kweupe, na jamaa zake wasiseme neno. Lakini kumfanya mkewe mbele ya madhabahu kulihesabiwa kuwa ni aibu kwa ukoo mzima. Basi ikatengenezwa nasaba ya uongo iliyomfanya Praskovia kuwa mzao wa kabaila mmoja wa Poland, na tarehe 6 Novemba 1801, katika kanisa la Mtakatifu Simeoni mjini Moscow, wakafunga ndoa kwa siri. Tajiri mkubwa wa dola, ambaye jumba lake la mti lilivaa sura ya jiwe, sasa alimvisha mkewe, binti wa mhunzi, ukoo usiokuwa wake. Nikolai Argunov alimchora katika siku hizo, ndani ya shali nyekundu. Mtwana alimchora aliyekuwa mtwana mwenziwe, na katika picha hiyo macho ya mwanamke yamejaa uchovu usiofichwa.

Waliishi katika jumba la Fontanka. Mwana wao, Dmitry, alizaliwa tarehe 3 Februari 1803, na mama yake akafariki siku ishirini baada ya hapo. Hapo ndipo siri ya ndoa ilipotolewa. Makabaila waliokuwa wakijaza kumbi za Sheremetev hawakuonekana mazikoni ila wachache. Quarenghi, fundi wa majengo, alihudhuria. Nikolai alimwandikia mwanawe barua ya wasia kumweleza mama yake alikuwa mtu wa namna gani, ili mtoto asije akaisikia habari hiyo kwa vinywa vya wengine. Naye akafariki mwaka 1809. Hivyo mtoto wa mwanamke aliyezaliwa katika utwana akawa, akiwa hajatimiza miaka sita, bwana wa watwana zaidi ya laki moja.

Nikolai amesifiwa sana kwa mapenzi yake, na sifa hiyo si ya bure. Lakini haifai impite kiasi. Alimwacha huru mmoja, na wengine wachache baadaye. Ivan Argunov, aliyemtumikia yeye na baba yake, hakuwamo. Hadithi ya bwana na mwimbaji imependwa na vizazi, imewafaa watunzi wa riwaya na wenye kuonyesha majumba kwa wageni. Na kila inaposimuliwa, wale waliojenga ukumbi ambamo hadithi hiyo ilitokea husogea gizani hatua moja zaidi.

Mtu mmoja aliziishi zama zote hizo. Huyo ni Tatyana Shlykova, mchezaji dansi aliyepewa jina la Granatova, rafiki wa Praskovia tangu utotoni. Alimlea yatima Dmitry, akabaki katika jumba la Fontanka maisha yake yote, akauona ujana wa mtoto huyo na uzee wake. Katika jumba hilo hilo, mwaka 1827, Kiprensky alimchora mshairi Pushkin, ambaye babu wa mama yake alikuwa Mwafrika aliyeletwa Urusi utumwani. Picha hiyo ndiyo inayojulikana kuliko picha zote za mshairi huyo. Utwana wa Urusi ulifutwa mwaka 1861. Shlykova alifariki mwaka 1863, akiwa na miaka 90. Aliyapata matangazo ya uhuru wa wote kwa miaka miwili.

Mapinduzi ya 1917 yaliyatoa majumba mikononi mwa ukoo. Sergei, mwana wa Dmitry, ambaye alikuwa mwanahistoria na mhifadhi mkubwa wa kumbukumbu za zamani, alifariki Moscow mwishoni mwa 1918, wakati askari wa serikali mpya walipokuwa wamekwisha ipekua nyumba yake na kuwakamata jamaa zake; wakwe zake wawili walipigwa risasi mwaka uliofuata. Mwanawe Pavel alibaki nchini, akafanya kazi katika nyumba za kumbukumbu, akaishi na mkewe na mtoto katika chumba kimoja ndani ya mnara wa nyumba ya watawa ya Novodevichy, akafariki mwaka 1943. Kuskovo ikawa nyumba ya kumbukumbu, kisha ikakusanyiwa vyombo vya kauri. Ostankino, kwa muda mrefu wa zama za Kisovieti, ilibeba jina la Nyumba ya Kumbukumbu ya Sanaa ya Watwana. Jina hilo lilikuwa la haki kuliko lolote lililotangulia, ingawa nalo lilikuwa na ila yake: lilimsifu mtwana kama tabaka, wala halikushughulika sana na Mironov au Dikushin kama mtu mwenye jina na kaburi. Katika miaka ya 1990 liliondolewa. Siku hizi watu wengi wakisikia Ostankino hufikiri mnara wa televisheni wa mita 540 uliomalizika mwaka 1967, ambao kivuli chake huangukia karibu na bustani ya jumba.

Jumba la Fontanka liligawanywa. Sehemu yake ilikuwa ya ofisi za uchunguzi wa nchi za barafu, na nyumba za pembeni zilifanywa vyumba vya kupanga. Katika kimojawapo aliishi mshairi Anna Akhmatova, tangu miaka ya 1920 hata 1952, katika dhiki na hofu; humo mwanawe alikamatwa, na humo alitunga mashairi ambayo hakuthubutu kuyaandika, akayahifadhi moyoni na kuwafundisha rafiki wachache ili yasipotee. Juu ya lango la jumba imeandikwa kwa Kilatini kauli ya ukoo wa Sheremetev, "Deus conservat omnia", yaani Mungu huhifadhi vyote. Akhmatova aliichukua akaiweka mwanzoni mwa utenzi wake mkubwa. Vyumba vyake vilifunguliwa kuwa nyumba ya kumbukumbu mwaka 1989.

Limebaki jengo moja ambalo aghalabu halihesabiwi katika majumba ya ukoo huu, kwa kuwa hakuna bwana aliyelala humo. Nikolai alikuwa ameanza kujenga huko Moscow nyumba ya kuwatunza maskini na wagonjwa, kwa ramani ya Elizvoi Nazarov, ambaye naye alizaliwa mtwana wa ukoo huu. Mkewe alipofariki, alimwomba Quarenghi aibadili ramani iwe ya fahari zaidi, nayo ikapata nguzo zake za duara mbele ya kanisa. Ilifunguliwa mwaka 1810, baada ya mwenyewe kufariki, ikiwa na nafasi ya maskini 100 na wagonjwa 50. Fedha nyingine ziliwekwa kwa mahari ya wasichana maskini na mayatima, nazo ziligawanywa kwa kura kila mwaka, tarehe 23 Februari, siku aliyofariki Praskovia. Tangu 1923 jengo hilo limekuwa la taasisi ya Sklifosovsky, ambayo huwatibu watu waliopatwa na ajali na maradhi ya ghafula. Kuta zake ni za mawe.